Kitabu Kilichomliza Mtoto

Tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa wilaya ya Muheza. Jina lake hatulitaji, wala kijiji chake, kwa sababu habari aliyotuandikia ni ya ndani ya nyumba yake. Anasema kwamba mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na minne, aliazimwa kitabu cha riwaya na binamu yake aliyekuja likizo kutoka Mombasa. Usiku wa pili tangu akipate kitabu hicho, mama alisikia kilio chumbani. Alipoingia alimkuta kijana amekikumbatia kifuani, analia kwa kwikwi, hawezi kusema neno. Mama alikitwaa kitabu, akakifungia kabatini, na kulipopambazuka akakaa kutuandikia. Anatuomba tuwasihi wakubwa wanaohusika waviondoe vitabu vya namna ile mikononi mwa watoto, kwani watoto, asema, wana huzuni zao za kutosha pasipo kuongezewa za kubuni.

Kitabu chenyewe ni Siku Njema cha marehemu Ken Walibora, kilichotolewa mwaka 1996. Wasomaji wengi wa mkoa huu wanakifahamu, kwa kuwa habari zake zinaanzia hapa hapa Tanga. Ni kisa cha kijana aitwaye Kongowea, ambaye mama yake, mwimbaji wa taarabu mwenye jina kubwa, afariki dunia na kumwacha mwanawe angali mdogo. Kijana apitia malezi ya mateso, kisha avuka mpaka na kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Si kitabu cha matusi, wala hakina jambo la kumtia mzazi haya. Kinaliza tu.

Chini kabisa ya barua, baada ya kutia sahihi, mama yule ameongeza mstari mmoja. Anasema kwamba baba wa mtoto alifariki mwaka jana, na kwamba siku ya maziko mtoto hakutoa hata chozi moja.

Mstari huo ndio uliotufanya tuandike tahariri hii.

Twamheshimu mama huyu, na twamwelewa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na hakuna mzazi mwema awezaye kumwona mwanawe analia usiku wa manane akarudi kulala. Hata hivyo, kwa heshima zote, hatukubaliani naye. Twaona kwamba kitabu hakikumdhuru mwanawe. Kosa, ikiwa kosa lipo, ni kwamba kijana alikuwa peke yake nacho. Na dawa ya upweke huo si kukifungia kitabu kabatini, bali ni mzazi kuketi na kukisoma pamoja na mwanawe. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo, si kwa mama huyu tu, bali kwa wazazi wote wenye watoto waliokwisha kuuacha utoto na hawajaufikia utu uzima.

Mtoto tunayemsema ni yule wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na saba. Wadogo zake wana vitabu vyao vya sungura na fisi, nao waachwe wavifurahie. Lakini huyu mkubwa sisi wenyewe humhesabu kuwa mtu mzima kila tutakapo kazi yake. Kukitokea msiba, yeye ndiye atumwaye kuwaita jamaa, kuazima masufuria na mikeka, na kuteka maji. Akiwa mvulana hushika sepetu makaburini pamoja na wanaume. Madeni ya nyumba anayajua, maana ndiye apelekwaye dukani kukopa. Ugomvi wa baba na mama anaujua, kwani kuta za nyumba zetu nyingi hazizuii sauti. Anamjua mwenzake darasani aliyeacha shule kwa sababu ya mimba, na anamjua jirani anayempiga mkewe. Kisha mtoto huyo huyo akishika riwaya yenye kifo ndani yake, twasema bado ni mdogo.

Tena siku hizi kuna simu za mkononi. Ajali ikitokea katika barabara ya Segera, kabla ya majeruhi kufikishwa hospitali, picha za waliokufa zimekwisha kuzunguka katika simu, na watoto wetu wamekwisha kuziona. Maiti ya kwenye simu haina jina, haina mama, haina nyumba ilikotoka asubuhi. Mtoto huitazama, akaipitisha, akatazama mchezo wa mpira. Hicho ndicho kinachotutia hofu sisi, kuliko machozi. Riwaya haifanyi hivyo. Riwaya humtambulisha mtu kwanza. Huonyesha anavyocheka, anavyokula, anavyomwogopa mwalimu wake, na anavyompenda mamaye, na baada ya kurasa nyingi ndipo humfisha. Msomaji anapolia, humlilia mtu anayemjua. Mtoto aliyezoea kuwalilia watu anaowajua kitabuni hawezi kuipitisha maiti ya kwenye simu kwa kidole kama anayefukuza nzi.

Huenda wako watakaosema kwamba hii ni fikira ya kizungu, na kwamba sisi wa huku hatukuwalea watoto kwa kuwaliza. Hao twawaomba wakumbuke mazoea ya wazee wetu. Ngano tulizosimuliwa usiku hazikuwa za kuchekesha tu. Mlikuwamo mama aliyekufa na kumwacha mtoto mikononi mwa mama wa kambo. Mlikuwamo ndugu aliyemtupa nduguye kisimani kwa wivu. Mlikuwamo binti aliyeolewa na zimwi. Tulilia, na bibi hakuikatiza hadithi. Lakini bibi mwenyewe alikuwapo. Alitupangusa machozi kwa upindo wa kanga yake, akatuuliza iwapo tungemfanyia mwenzetu vile, kisha akaendelea. Hofu ya zimwi na mkono wa bibi vilikuja kwa pamoja.

Na mtoto alipobalehe, wazee hawakumficha mambo mazito. Waliyaleta mbele yake kwa makusudi, katika jando na unyago, lakini hawakumwacha ayakabili peke yake. Binti alikuwa na kungwi wake, na mvulana alikuwa na nyakanga. Kazi ya kungwi haikuwa kumzuia mwali asijue; ilikuwa kuwa karibu naye wakati wa kujua. Hatusemi kwamba kila lililofanywa katika mila hizo lilikuwa jema, na yapo yaliyoachwa kwa haki kabisa. Lakini busara ya kungwi haijachakaa. Riwaya nzito mkononi mwa mtoto wa miaka kumi na minne nayo yahitaji kungwi wake.

Mfano mkubwa zaidi tunao katika fasihi yetu wenyewe. Mwaka 1858, huko upande wa Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia utenzi binti yake, Mwana Hashima. Alimwita akae karibu, akampa mawaidha ya maisha yatakayomkuta baada ya mamaye kuondoka. Hakumficha maradhi yake, wala hakungoja awe mtu mzima. Mwana Kupona alifariki yapata mwaka 1860, lakini utenzi wake unasomwa mpaka leo. Na hapa kwetu Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alipofiwa na mkewe Amina aliiandika huzuni yake wazi katika shairi. Kadhalika aliwatungia wanawe tenzi za wasia, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Wazazi hawa wawili hawakudhani kwamba kumpenda mtoto ni kumficha machungu. Walimpa maneno ya kuyabebea.

Maneno ya kuyabebea machungu ndiyo faida ya kwanza ya riwaya yenye huzuni, na hapo twarudi kwa kijana wa Muheza. Hatujui aliambiwa nini siku ya maziko ya babake. Lakini twajua yanayosemwa misibani petu. Mvulana huambiwa na wajomba na baba wadogo ya kwamba mwanamume halii, na kwamba tangu leo yeye ndiye baba wa nyumba. Huambiwa hayo kwa nia njema, na huambiwa mbele za watu, naye huyapokea kama amri. Basi machozi huyameza. Yakishamezwa hayapotei, hukaa. Wengine huyatoa baadaye kwa ngumi, wengine kwa pombe, wengine kwa kuwa wakali kwa wake na watoto wao pasipo wenyewe kujua sababu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ikiwa kijana huyu amesoma habari za Kongowea aliyefiwa na mamaye, na kwa muda wa mwaka mzima hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyoona kwamba mvulana aweza kufiwa akalia na bado akabaki mvulana, basi kitabu hicho kimefanya kazi ambayo sisi watu wazima wa ukoo na wa mtaa tulishindwa kuifanya.

Faida ya pili ni kumtoa mtoto nje ya nafsi yake. Katika shule zetu za sekondari kwa miaka mingi imesomwa riwaya iitwayo Takadini, ya Ben Hanson. Ni habari za mama aitwaye Sekai, wa Zimbabwe, ambaye baada ya kungoja mtoto kwa muda mrefu alijaliwa mwana mwenye ualbino. Mila ya kabila lake ilitaka mtoto kama huyo asiishi. Sekai hakukubali. Alimbeba mwanawe akatoroka naye usiku. Jina alilompa mtoto, Takadini, maana yake ni swali: tumefanya nini?

Swali hilo si la Zimbabwe pekee. Mwezi Mei mwaka 2024, katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, mtoto wa kike mwenye ualbino, umri wake miaka miwili na nusu, alinyakuliwa kutoka kwa mamaye. Mwezi wa Juni mwili wake ukapatikana, ukiwa umekatwa viungo. Taifa zima lilihuzunika, na sheria ikaanza kufuata mkondo wake, kama ipasavyo. Lakini sheria huja baada ya tendo. Twajiuliza ni kipi kiwezacho kufika kabla ya tendo, moyoni mwa kijana wa miaka kumi na mitano ambaye siku moja mtu atamjia na kumnong'oneza habari za utajiri wa haraka. Mahubiri yana nafasi yake, na mikutano ya hadhara ina nafasi yake. Lakini twaamini kwamba kijana aliyetembea na Sekai usiku ule, akamwogopea mwanawe, akalala na hofu hiyo na kuamka nayo, hatakuwa mwepesi wa kusikiliza mnong'ono. Anamjua Takadini. Amekwisha kuwa ndugu yake.

Sasa tuje kwenye hoja ngumu. Wapo wazazi wasemao kwamba si machozi wanayoyaogopa, bali yale mengine yaliyomo vitabuni: mapenzi, ulevi, mimba, na mauti ya kujitakia. Hofu hiyo si ya bure, nasi hatuipuuzi. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilivipiga marufuku vitabu 16 vya kigeni shuleni kwa kuona havilingani na maadili yetu. Ni wajibu wa serikali kuangalia kiingiacho darasani. Lakini historia ya vitabu vyetu wenyewe yatufundisha kwenda pole pole katika jambo hili.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni, kwa kuwa kilisema waziwazi mambo yawapatayo wasichana wakiwa mbali na wazazi. Baadaye kilikubaliwa, na kikasomwa na kufundishwa hadharani. Mwandishi alifariki mwaka 2020 akiwa anahesabiwa miongoni mwa wakuu wa fasihi ya Kiswahili. Tukisome basi tuone kinasema nini. Rosa ni binti wa Zakaria, mtu mlevi, ambaye alimlinda binti yake kwa fimbo. Alipogundua kwamba ameandikiwa barua na mvulana, alimpiga. Hakukaa naye hata siku moja akazungumza naye habari za wanaume, za mapenzi, wala za dunia. Rosa alitoka chini ya fimbo ile akaingia ulimwenguni bila silaha, na ulimwengu ukamla. Kisa chake kinaishia katika kifo cha kujitakia.

Hicho ni kitabu kinachowafundisha wasichana ubaya? La hasha. Ni kitabu kinachowashitaki akina Zakaria. Na kila mzazi anayekinyang'anya mkononi mwa binti yake bila kukifungua, bila kuuliza, bila kueleza, ajiangalie asije akawa anafanya lile lile alilofanya Zakaria. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ada ya ulimwengu ni ghali mno.

Hatusemi kwamba Rosa Mistika apewe mtoto wa darasa la saba. Kila kitabu kina umri wake, na tena kila mtoto ana umri wake usiolingana na ule wa kwenye cheti cha kuzaliwa. Wala hatusemi kitabu chenye kifo cha kujitakia kiachwe kitandani mwa mtoto ambaye mzazi anajua kwamba ana majonzi makubwa. Tunasema kwamba binti wa kidato cha nne aweza kukisoma iwapo mama yake au shangazi yake anakisoma pia, na iwapo wakifika mwisho wataketi, na mkubwa amwambie mdogo waziwazi kwamba Rosa alikuwa na njia nyingine, na kwamba wewe mwanangu, hata likupate jambo gani, mlango wa nyumba hii hautafungwa usoni pako. Maneno hayo mzazi hapati mahali pepesi pa kuyasema katika mazungumzo ya kila siku. Kitabu humpatia mahali.

Hapo wengine watatujibu kwamba kazi hiyo ni ya shule. Twawapenda walimu wetu na twaijua mizigo yao. Wanafunzi ni wengi katika chumba kimoja, vitabu ni vichache, na mtihani haungoji. Katika hali hiyo riwaya hugeuka kuwa orodha. Mwanafunzi huandika daftarini: dhamira, wahusika, mandhari, mafunzo. Kifo cha mama huwa ni nukta ya tatu chini ya kichwa cha matatizo ya jamii. Wako wanafunzi waliojibu maswali juu ya Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, wakapata alama nzuri, nao hawajakishika kitabu chenyewe. Wamesoma muhtasari wa kurasa chache ulionunuliwa kwenye duka la fotokopi. Wanaweza kutaja athari tano za umaskini, lakini hawajakaa na watoto wale waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wakaenda kuchakura jalalani. Na pengine mwenzao wa dawati la nyuma amekosa ada vile vile, nao hawamwoni.

Hatumlaumu mwalimu. Mtihani unapima kile uwezacho kupima, na hakuna karatasi ya mtihani iwezayo kumwuliza mtoto kama alilia. Kwa sababu hiyo hiyo kazi hii haiwezi kukamilika shuleni. Lazima sehemu yake ifanyike nyumbani, mahali pasipo na alama.

Najua hamna nafasi, atasema mkwe kumwambia mkwewe, na wazazi watatuambia sisi vivyo hivyo: hatuna nafasi. Mtu aliyeshinda shambani, au sokoni, au bandarini, hurudi amechoka. Ni kweli. Lakini sura moja ya riwaya haizidi nusu saa kwa kusomwa kwa sauti, na nusu saa hiyo twaipata kwa tamthilia za televisheni. Wengine watasema kwamba vitabu ni ghali. Ni kweli pia, ndiyo maana twahimiza kuazimana, kama alivyofanya binamu wa Mombasa, na kuzitumia maktaba za umma ambazo katika miji yetu mingi viti vyake huwa vitupu. Kitabu kimoja kinachosomwa kwa sauti chatosha nyumba nzima.

Na wako watakaosema kwa sauti ya chini kwamba wao wenyewe kusoma kwao ni kwa shida. Hao ndio tunaotaka kuwatia moyo kuliko wote. Mzazi asiyesoma vizuri hana upungufu katika jambo hili. Pengine ana faida. Mtoto ndiye amsomee. Mama akichambua mchele, baba akishona wavu, mtoto asome. Palipo na neno gumu wataulizana. Na penye jambo la maisha, mtoto atanyamaza na kumtazama mzazi, kwa kuwa yeye anajua herufi lakini mzazi anajua kufiwa. Hapo kila mmoja atakuwa mwalimu wa mwenziwe, na heshima ya mzazi haitapungua hata chembe.

Basi kwa wale watakaotaka kujaribu, tuna mashauri machache. La kwanza, mzazi mwenye kuweza akisome kitabu mwanzo hata mwisho kabla ya kumpa mtoto, ili ajue palipo na shimo. La pili, kisigeuzwe mtihani. Mtoto asiulizwe amejifunza nini. Afadhali mzazi aseme yeye mwenyewe ni wapi palipomchoma. La tatu, machozi yasichekwe wala yasikatizwe, awe anayelia ni msichana au mvulana. Na baba akitokwa na chozi mbele ya wanawe, asiseme ni moshi wa jikoni. La nne, mtoto akinyamaza, aachwe anyamaze. Maswali mengine huja baada ya wiki, njiani kwenda kisimani. La tano, mtoto akisema kitabu hiki sikiwezi sasa, kiwekwe kando bila lawama, maana kidonda kibichi hakiguswi ovyo.

La sita ni zito kupita yote. Yaweza kutokea kwamba mtoto, baada ya kusoma habari ya mtoto mwenzake aliyeonewa au kuchafuliwa, atasema: hata mimi. Mzazi asikasirikie kitabu hapo, wala asimkasirikie mtoto. Kitabu hakikuleta jambo hilo nyumbani. Lilikuwamo, na limepata mlango wa kutokea. Amsikilize mpaka mwisho, amwamini, kisha atafute msaada kwa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au kwa kupiga simu namba 116 iliyowekwa kwa ajili ya watoto. Mtoto aliyeweza kusema amekwisha kuanza kuokoka. Ni wale wasiopata maneno tunaowaogopea.

Sisi wa magazeti nasi hatujitoi lawamani. Twatoa kurasa nyingi kwa mpira na siasa, na habari za vitabu twazikumbuka mwandishi anapofariki. Twapokea lawama hiyo, na tungependa wasomaji wetu watuandikie kutueleza ni riwaya gani waliyowahi kuisoma pamoja na watoto wao, na kulitokea nini.

Imebaki haki yetu kumjibu mama wa Muheza. Mama, hatutawaomba wakubwa wakiondoe kitabu kile. Tunakuomba wewe ukitoe kabatini. Usimrudishie mtoto mara moja. Kisome kwanza wewe, usiku mbili tatu, kama ulivyokisikia kikimliza. Twadhani kuna mahali utakapolia nawe, maana mwaka jana aliyefiwa si mtoto peke yake. Kisha mwite mwanao, umwambie umefika wapi, na umwombe akusomee panapofuata. Akilia, mwache alie. Na ikiwa siku ya maziko kuna mtu aliyemwambia kwamba mwanamume halii, jioni hiyo ndiyo nafasi yako ya kumwambia kwamba yule mtu alikosea.